Kipande, Kadi na Neno la Siri: Historia ya Msomaji Kujithibitisha katika Korogwe na Handeni

Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya jambo dogo ambalo wengi hawalihesabu kuwa na historia. Jambo lenyewe ni ile fomu ambayo msomaji hukutana nayo katika ukurasa wa maktaba kwenye intaneti anapokuwa amesahau neno lake la siri. Fomu hiyo ina kisanduku kimoja au viwili vya kujaza, kitufe kimoja cha kubonyeza, na maelezo mafupi ambayo aghalabu yameandikwa kwa haraka na mtu asiyemwona msomaji wala kusikia swali lake. Hata hivyo, kwa msomaji aliye mbali na dawati la maktaba, mistari hiyo michache ndiyo inayoamua kama usiku ule atasoma au hatasoma.

Nimezichagua Korogwe na Handeni kwa sababu ni majirani katika Mkoa wa Tanga, lakini historia haikuzitendea sawasawa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita Korogwe, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Pamoja na reli yalikuja mashamba ya katani, na pamoja na mashamba walikuja makarani na makaratasi yao. Handeni, nchi ya Wazigua, haikupata reli. Ilitegemea barabara, na mambo mengi yaliifikia kwa kuchelewa. Basi katika nchi hizi mbili zilizopakana twaweza kuziona karibu njia zote ambazo mtu amepata kuzitumia ili aonyeshe kwamba yeye ndiye mwenyewe, tangu kutaja ukoo wake hata kuandika neno la siri katika simu.

Tuanze na njia ya kale. Mgeni alipofika katika kijiji cha Kizigua au cha Kisambaa hakuulizwa karatasi. Aliulizwa ametoka wapi, ni mwana wa nani, na wa ukoo gani. Majibu yake yalipimwa kwa masikio ya wazee, na lafudhi yake ilikuwa ushahidi pamoja na maneno yake. Njia hiyo haikufa upesi kama tudhanivyo. Katika karne ya kumi na tisa Wazigua wengi walichukuliwa hadi Somalia, wengine wakisukumwa na njaa na kuuzwa utumwani, wakakaa katika bonde la mto Juba vizazi kwa vizazi bila kuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi ya wazao wao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi katika Wilaya ya Handeni, kwanza Mkuyu na kisha Chogo, na wengi wao baadaye walipewa uraia. Watu hao hawakuwa na hati za mababu zao. Walikuwa na Kizigua chao na habari za asili yao. Hapa twajifunza jambo la kwanza: mtu huthibitika vizuri anapoulizwa lile alijualo kweli, kwa lugha aijuayo, na mtu anayeweza kusikia jibu.

Njia ya pili ilikuja na ukoloni, nayo ilikuwa ya karatasi. Mwaka 1907, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, utawala wa Kijerumani ulianzisha kadi ya kazi. Kila mwanamume alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ndiyo iliyoonyesha kama ametimiza. Waingereza walipoitawala Tanganyika, mashamba ya katani yaliendelea na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi iliyotiwa alama kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa. Kadi ilipojaa ndipo mshahara ulipolipwa. Mfanyakazi aliyepoteza kipande chake alikuwa amepoteza ushahidi wa jasho lake, hata kama nyapara aliyemsimamia alimjua kwa sura na kwa jina.

Kadhalika tukumbuke neno manamba. Wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kutoka majimbo ya mbali, ambao tangu mwaka 1944 waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU, walijulikana kwa namba walizopewa. Neno hilo likaingia katika Kiswahili na likabaki, na hata leo anayelisikia huona ndani yake unyonge kidogo. Mtu alikuwa na jina kwao. Shambani alikuwa namba. Karatasi zile hazikuandikwa ili mwenye kuzichukua azielewe. Ziliandikwa kwa faida ya ofisi, na wengi waliozichukua hawakuwa wamefundishwa kusoma. Hili ndilo jambo la pili la kukumbuka: fomu yaweza kuwa kamili kabisa machoni pa aliyeitunga, na wakati huo huo ikawa ukuta mbele ya aliyepewa aijaze.

Maktaba ilikuja na karatasi za namna nyingine. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi, na katika kazi zake ilikuwa kupeleka masanduku ya vitabu penye vikundi vya wasomaji, na kuwaazima vitabu kwa njia ya posta wasomaji waliokaa mbali. Mjini Tanga, katika miaka ya 1950, ilijengwa maktaba iliyopewa jina la Mfalme George wa Sita. Mwaka 1960 Sydney Hockey alitoa taarifa iliyoshauri jinsi huduma za maktaba zitakavyoenezwa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1963 Tanganyika ikapata sheria yake ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa katika Dar es Salaam. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wengi waliokuwa wameshika jembe tu walianza kushika pia kalamu, na haja ya vitabu ikaongezeka hata vijijini.

Maktaba hizo zilifuata desturi ya Kiingereza katika kumwandikisha msomaji. Msomaji alijaza fomu, akatafuta mdhamini, kisha akapewa vikadi vidogo vilivyokuwa na mfuko, kila kimoja kikiwa na jina lake. Alipoazima kitabu, kadi ya kitabu ilitiwa ndani ya mfuko wa kikadi chake na kuwekwa katika sanduku kwa mpango wa tarehe. Utaratibu huo ulibuniwa na Nina Browne wa Marekani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, nao ulikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto aliweza kuuelewa akiutazama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vikadi vile ndivyo vilivyokuwa daftari.

Lakini nguvu ya utaratibu ule haikuwa katika vikadi peke yake. Ilikuwa katika mkutubi aliyekaa nyuma ya meza. Msomaji aliyepoteza kikadi hakuwa na la kufanya ila kusimama mbele ya mtu na kusema, “Nimepoteza.” Mkutubi alimtazama, akamwuliza jina na mahali akaapo, akafungua daftari, akamweleza ni ada gani ya kulipa na ni siku gani ya kurudi. Kama fomu ilikuwa na neno gumu, mkutubi alilifasiri. Kama msomaji alijaza jina la baba mahali pa jina lake, mkutubi alilifuta na kuliandika upya. Kosa lilirekebishwa kabla halijawa kosa. Kwa hiyo fomu za maktaba zingeweza kuandikwa vibaya miaka mingi na pasiwe na mtu wa kulalamika, kwa sababu palikuwa na mdomo uliozisaidia.

Sasa yatupasa tuliache bonde la Pangani kwa muda, tuende katika chuo kimoja cha Marekani, maana huko ndiko lilikozaliwa neno la siri la kompyuta. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mtambo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mafaili yake, ilihitajika njia ya kuwatenga, na njia waliyoichagua ilikuwa kumpa kila mtu neno lake. Maneno yote yaliwekwa katika faili moja, kama yalivyo. Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 1966, kwa kosa la mafaili mawili kubadilishana, kila aliyeingia katika mtambo ule alionyeshwa maneno ya siri ya watu wote mahali ambapo angeonyeshwa tangazo la siku.

Basi wataalamu wakatafuta njia ya kuhifadhi neno bila kulihifadhi. Katika chuo cha Cambridge, Uingereza, ilibuniwa hesabu ya njia moja, nayo ikaelezwa na kukamilishwa katika makala ya Robert Morris na Ken Thompson iliyochapishwa mwaka 1979. Kwa hesabu hiyo, neno hubadilishwa kuwa mfululizo wa alama ambao hauwezi kugeuzwa tena kuwa neno, kama vile unga usivyoweza kurudi kuwa mahindi. Msomaji aandikapo neno lake, kompyuta hulisaga upya na kulinganisha unga kwa unga. Yenyewe hailijui neno, wala mkutubi halijui, wala fundi wa maktaba halijui.

Jambo hili nimelieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake mna chanzo cha mkanganyiko mkubwa. Msomaji aliyezoea dawati la maktaba hudhani kwamba jina lake na neno lake vimeandikwa pamoja katika daftari, na kwamba mkutubi akikataa kumwambia neno lake anafanya ukaidi. Kumbe hana la kumwambia. Kilichopotea hakirudi, kinachowezekana ni kuweka kingine mahali pake. Sote twakijua kisa cha Kassim katika hadithi za Alfu Lela Ulela, aliyeingia katika pango la wezi, akasahau neno la kufungulia, akataja nafaka moja baada ya nyingine hadi wenye pango wakamkuta humo. Wasomaji wa kisa hicho humcheka Kassim kwa tamaa yake. Lakini tazama pia upungufu wa pango: halikuwa na mtu wa kuulizwa. Mwenye kusahau hakuwa na njia ya pili.

Fomu ya kuweka neno jipya ndiyo njia hiyo ya pili. Maktaba zilianza kuihitaji zilipohamisha daftari zao katika kompyuta na kisha katika intaneti. Mfano mmoja mashuhuri ni Koha, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua huko New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, kisha ikatolewa bure kwa ulimwengu wote. Jina lake katika lugha ya Kimaori lina maana ya zawadi. Kwa kuwa haina bei, maktaba nyingi za vyuo za Afrika ya Mashariki zimeipokea. Msomaji ana akaunti yake, na akisahau neno la siri hubonyeza maneno machache chini ya kisanduku, akaandika jina la akaunti au anwani ya barua pepe, akangoja ujumbe wenye kiungo cha kumwezesha kuweka neno jingine.

Labda msomaji atauliza: je, haya yawahusu nini watu wa Korogwe na Handeni? Nitajibu kwa mfano mmoja. Korogwe ina kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Huko Korogwe, pamoja na Kilifi ya Kenya, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 894, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008, yakionyesha kwamba chanjo ilipunguza maradhi hayo kwa asilimia 53 katika muda wa uchunguzi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Watoto wa Korogwe ni sehemu ya elimu ile. Tufikiri basi mwuguzi wa Handeni anayesoma kozi ya juu akiwa kazini, au mwalimu aliyejiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoundwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye wasioweza kuacha kazi zao. Anataka kusoma habari za malaria katika majarida ambayo maktaba ya chuo chake humpatia. Saa ni tatu ya usiku, kazi imekwisha, watoto wamelala, kifurushi cha intaneti kimenunuliwa. Anaandika neno lake la siri, anakataliwa. Kuanzia hapo, kati yake na elimu iliyotoka katika wilaya jirani, pana fomu moja.

Haya, tuisome fomu hiyo kama msomaji yule aisomavyo. Juu imeandikwa, “Rejesha nywila.” Neno nywila ni zuri, nalo limeenea katika tafsiri za kompyuta; tangu mwaka 2004, programu za ofisi za Jambo OpenOffice zilipotolewa kwa Kiswahili kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Sweden, tumekuwa na desturi ya kuzungumza na kompyuta kwa lugha yetu. Lakini si kila aliyesoma Handeni amelikuta. Wengi husema neno la siri, au pasiwedi. Hapana haja ya kugombana. Yatosha kuandika “neno la siri” na kuongeza “yaani nywila,” na msomaji atajifunza moja kwa kulishika jingine. Kosa kubwa zaidi ni lile la kitenzi. “Rejesha” humwahidi msomaji kwamba neno lake la zamani litarudi, nasi tumekwisha kuona kwamba halirudi. Naye akiisha kuahidiwa hivyo hukaa akingoja ujumbe wenye neno lile, na ujumbe ukija na kiungo tu huudhania kuwa ni ulaghai, akaufuta. Laiti pangeandikwa “Weka neno jipya la siri,” maneno yangekuwa ya kweli na jambo lingekuwa wazi.

Zipo fomu zinazosema “namba ya siri.” Hapo ndipo penye hatari hasa. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, namba ya siri kwa Mtanzania ina maana moja: ni ile ifunguayo fedha zake. Ukimwambia mwanakijiji aandike namba ya siri, huenda akaiandika ile ile, naye hana hatia. Maktaba itakuwa imemfundisha kutoa ufunguo wa kasha lake kwa mtu asiyemjua, jambo ambalo matangazo ya simu humkataza kila siku. Fomu ya maktaba haina budi kuliepuka neno hilo kabisa, na hata kuonya waziwazi kwamba namba ya fedha haitakiwi hapo.

Msomaji akikosea, fomu hujibu. Jibu la kawaida, likiwa limefasiriwa neno kwa neno, husema kwamba vitambulisho vyake ni batili. Katika nchi iliyoonja kipande, maneno kama hayo si mepesi. Batili ni hati ya uongo, ni ndoa isiyofaa, ni kura iliyoharibika. Msomaji hakudanganya, amekosea herufi moja, au simu imeweka herufi kubwa mwanzoni bila yeye kujua. Lingetosha kumwambia: “Jina au neno la siri ulilouandika haukulingana na tulilo nalo. Tazama herufi kubwa na ndogo, kisha jaribu tena.” Hayo ndiyo angeyasema mkutubi, tena kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

Kisha lipo jibu linaloonekana la kigeugeu: “Kama anwani hii imo katika daftari letu, utapokea ujumbe.” Wengi hulalamika kwamba hili si jibu. Lakini lina sababu yake, nayo ni njema: maktaba haitaki mpita njia aandike anwani ya mtu na kwa jibu hilo ajue kama mtu yule ni msomaji wao. Siri ya msomaji ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni wajibu wa kisheria pia. Kwa hiyo sentensi hiyo isifutwe. Kosa lake ni kwamba huishia hapo. Baada yake pangefuata njia: ngoja dakika kadhaa, tazama katika kasha la barua taka, kama hakuna, huenda uliandikishwa kwa anwani nyingine, ukishindwa, piga simu kwa namba hii, saa hizi, au fika kwa mkutubi ukiwa na kitambulisho. Sentensi nne tu, nazo humtoa msomaji katika giza.

Tutazame pia yale maswali ya siri ambayo baadhi ya kurasa huuliza ili kumthibitisha aliyesahau. Moja ni jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Swali hili lilitungwa kwa watu ambao mke hulichukua jina la mume. Kwetu wanawake wengi hubaki na majina ya baba zao, basi swali halina maana. Na penye maana halina siri, kwa kuwa kijiji kizima chamjua mama wa kila mtu na ukoo wake. Lile lililokuwa ushahidi bora mbele ya wazee waliosikia lafudhi ya mtu, huwa ushahidi dhaifu kabisa mbele ya mashine isiyosikia. Swali jingine huuliza jina la mnyama wa kwanza uliyemfuga, kana kwamba kila mbuzi wa Handeni alipewa jina. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo unaokataza maswali ya namna hii, na kushauri pia watu wasilazimishwe kubadili neno lao kila baada ya muda bila sababu, wala kuchanganya alama za ajabu, bali waruhusiwe maneno marefu wanayoweza kuyakumbuka. Ni faraja kuona kwamba wataalamu, baada ya miaka mingi ya kumlaumu msahaulifu, wameanza kuilaumu fomu.

Jambo la mwisho ni majina na anwani zenyewe. Mtu wa kwetu aweza kuandikwa Juma Mhina katika daftari la shule na Mhina Juma katika daftari la kazi. Majina ya koo za Kisambaa na Kizigua huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Anwani ya barua pepe aghalabu alifunguliwa na kijana wa duka la kompyuta siku ya kuomba chuo, akaisahau siku iliyofuata. Laini ya simu hupotea, au simu yenyewe hutumiwa na watu watatu nyumbani. Fomu inayodhani kwamba kila mtu ana anwani moja ya kudumu na simu yake peke yake imeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Njia moja tu ya kupitia haitoshi. Pasipo na mkutubi wa kufikiwa kwa sauti, wapo watakaobaki nje daima.

Sisemi kwamba neno la siri liondolewe, au kwamba mlango uachwe wazi. Daftari la maktaba lina habari za nani anasoma nini, na habari hizo zastahili kulindwa kuliko hata vitabu vyenyewe. Nisemalo ni kwamba ulinzi na uwazi si maadui. Mkutubi wa zamani alilinda daftari lake, na bado msomaji aliondoka akijua afanye nini kesho. Vikadi vya mfuko vimekwisha, na mara nyingi meza nayo iko mbali. Lakini kazi iliyofanywa na mdomo wa mkutubi haikwisha. Imehamia katika fomu. Kwa hiyo fomu haina budi iandikwe kama mtu asemaye, si kama ofisi ijilindayo.

Wala kazi hii haihitaji fedha nyingi. Kabla maktaba haijaifungua fomu yake kwa watu, na imchukue mtungaji wake mpaka Korogwe, akae na wasomaji watano, mwalimu, mwuguzi, mwanafunzi, karani na mkulima, awape fomu ile katika simu zao wenyewe, kisha anyamaze. Asifasiri wala asielekeze kidole. Pale atakapotamani sana kufungua kinywa ili asaidie, hapo ndipo penye neno la kubadilisha. Akimaliza Korogwe na aende Handeni, afanye vivyo hivyo. Kuuliza si ujinga. Nasi tumewauliza wasomaji wetu mengi katika fomu zetu, bali kama wanaelewa tunachowauliza hatujawauliza bado.